Miamba Mizee, Mashapo Machanga: Je, Singida Ina Shaba ya Tabaka?

Mwezi Mei 2024 bei ya shaba katika soko la metali la London ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani. Magari ya umeme, nyaya za gridi, mitambo ya jua na ya upepo vyote vinaitaka shaba, na migodi mingi mikongwe inatoa mawe ambayo shaba yake inapungua mwaka hadi mwaka. Bei ikifika huko, kila mkoa wenye mawe hujiuliza una nini chini ya ardhi yake. Singida, unaojulikana kwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, una kila sababu ya kujiuliza. Ila maswali yako mawili, na huwa yanachanganywa. Je, Singida kuna shaba? Na je, kuna shaba ya aina ile iliyozitajirisha Katanga na Zambia, iliyolala ndani ya miamba mashapo kwa makumi ya kilomita? La kwanza halina ubishi mkubwa. La pili ndilo linaloamua mtu aweke mtaji au asiweke, na jibu lake, kwa jinsi ninavyoisoma jiolojia ya mkoa huu, si la kufurahisha: sehemu kubwa ya miamba ya Singida ni mizee mno kwa shaba hiyo, na mashapo yaliyobaki ni machanga mno.

Zaidi ya nusu ya shaba ya dunia hutoka katika miamba iliyopoa chini ya volkano, kama ile ya milima ya Andes nchini Chile na Peru. Inayofuata kwa wingi ni shaba ya miamba mashapo. Hapa matope, mchanga na chokaa vilituama chini ya maji zamani sana, vikashindiliana hadi vikawa mwamba, kisha shaba ikaja na maji ikajipenyeza katika tabaka moja au mawili. Tabaka lenyewe linaweza kuwa na unene wa mita chache tu, lakini likaenea chini ya wilaya nzima. Ndivyo ilivyo Mansfeld nchini Ujerumani, ambako watu walianza kuchimba karne ya 12. Ndivyo ilivyo Lubin nchini Poland, ambako mjiolojia Jan Wyżykowski alilifikia tabaka hilo kwa uchorongaji mwaka 1957. Na ndivyo ulivyo ukanda mkuu wa Afrika ya kati, kuanzia Luanshya na Kitwe nchini Zambia hadi Kolwezi huko Katanga, Kongo.

Watu wa magharibi ya Tanzania waliifahamu shaba ya Katanga kabla Mzungu yeyote hajaiandika. Msiri, mtu wa Usumbwa, alifuata njia ya biashara iliyofunguliwa na baba yake, akavuka hadi Katanga katikati ya karne ya 19 na kujenga dola yake Bunkeya kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, mpaka alipouawa na msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs mwezi Desemba 1891. Jules Cornet, mjiolojia wa Kibelgiji, alipofika kuisoma miamba ile alikuta wenyeji wanayeyusha malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba zaidi ya nusu ya uzito wake. Wafua shaba wale walikuwa na utafiti wao. Walijua vilima visivyoota miti, na walijua vimea vidogo vinavyostahimili udongo wenye sumu ya shaba. Mmojawapo, Haumaniastrum katangense, wanajiolojia wa leo bado wanauangalia wanapotembea porini.

Lakini jiwe la kijani juu ya ardhi halisemi lilivyofika pale, na hapo ndipo utafiti wa kweli unapoanza.

Kwa wastani, tani moja ya mwamba wa ganda la dunia ina gramu 50 hadi 60 za shaba. Mgodi wa mashapo hauwezi kuishi kwa hiyo. Unahitaji kilo 10 kwa tani au zaidi, yaani shaba ijikusanye karibu mara mia mbili. Kazi hiyo hufanywa na maji, tena si maji yoyote. Maji baridi hayabebi shaba ya maana. Maji yenye chumvi kali yaliyokaa ndani ya mashapo mekundu ndiyo yanayoibeba, kwa sababu klorini ya ile chumvi huishika shaba na kuifanya iyeyuke. Wekundu wa mashapo ni dalili ya kutu ya chuma, na kutu ni dalili kwamba oksijeni ilikuwepo. Maji hayo yanasafiri polepole, yakisukumwa na uzito wa mashapo yaliyo juu na joto la kina, mpaka yakutane na tabaka la kijivu au jeusi lenye mabaki ya viumbe, gesi au pairaiti. Hapo oksijeni inakwisha, salfa inaikamata shaba, na shaba inabaki.

Mpaka huo kati ya wekundu na weusi ndio anaoutafuta mtafiti, si shaba yenyewe. Na mpaka una mpangilio wake. Karibu na mashapo mekundu hukaa kalkosaiti, yenye shaba karibu asilimia 80. Mbele kidogo huja bonaiti, halafu kalkopairaiti ambayo shaba yake ni thuluthi moja hivi, na mwisho kabisa pairaiti tupu, chuma na salfa bila faida. Mtu akichoronga akakuta pairaiti peke yake anajua shaba, kama ipo, iko upande wa wekundu. Akikuta mwamba mwekundu mtupu, ageukie upande wa kijivu. Kwa njia hii kisima kisicho na shaba hata chembe huwa na habari kubwa kwa anayejua kukisoma, na naona ni hasara tupu kila kinapoandikwa katika ripoti kwa maneno mawili tu kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo masharti yanaeleweka: miamba ya kutoa shaba, chumvi, mashapo mekundu, tabaka la kuinasa, na bonde lenye kina lililodumu kwa mamilioni mengi ya miaka. Sharti moja likikosekana, mengine hayafai kitu.

Sasa tuitazame Singida. Mawe makubwa yaliyopangana kando ya maziwa ya Singidani na Kindai ni itale, na itale hiyo ni sehemu ya kratoni ya Tanzania, gamba gumu la kale linaloshika katikati ya nchi. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kaskazini, Iramba na Mkalama, umepita ukanda wa miamba ya kijani wa Sekenke na Kirondatal, wenye basalti zilizomwagika chini ya bahari, matabaka ya chuma na mashapo yaliyobadilishwa na joto. Ukanda huo ni mzee kuliko hata itale inayouzunguka. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa mwaka 1907, na mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa vitani, walipiga kwa dhahabu hiyo sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, yenye picha ya tembo. Ikungi nako, Mang'onyi, mgodi wa kampuni ya Shanta ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023.

Ndani ya miamba mizee kama hii yamo mashapo halisi, matope na mchanga wa bahari ya kale. Kwa nini yasiwe na shaba ya tabaka? Jibu liko hewani. Hadi yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya kutosha. Chuma hakikupata kutu juu ya ardhi, mashapo mekundu hayakuwepo, na maji ya aina niliyoeleza hayakuweza kutokea. Matabaka ya chuma ya Iramba yanatokana na zama hizo hizo, bahari ilipokuwa imejaa chuma kilichoyeyuka. Duniani kote hifadhi kubwa za shaba ya tabaka ziko katika miamba iliyokuja baada ya oksijeni. Mashapo ya Sekenke yaliwahi mno. Hakuna teknolojia ya uchorongaji itakayolibadilisha hilo.

Hii haina maana kwamba mtu anayeokota jiwe la kijani Iramba anaota. Katika kanda za miamba ya kijani, mishipa ya dhahabu mara nyingi huandamana na kalkopairaiti, na kalkopairaiti ikipigwa na mvua na jua kwa muda mrefu huzaa malakaiti juu. Hiyo ni shaba ya kweli, lakini ni ya mshipa: inafuata ufa mwembamba ndani ya mwamba, inanenepa hapa, inakatika pale. Inawezekana pia kuwa na salfaidi zilizotuama kwenye midomo ya volkano za chini ya bahari, aina inayochimbwa katika kanda kama hizi nchini Kanada, na ningependa kuona Iramba ikipimwa kwa jicho hilo. Lakini hiyo nayo si shaba ya mashapo, na haitafutwi kwa njia ileile. Tena si kila kijani ni shaba. Kloraiti na epidoti, zilizoipa miamba hiyo jina lake, ni za kijani na hazina shaba ya kuuzwa.

Mpanda ilitufundisha tofauti hii kwa gharama. Mgodi wa Mukwamba wa kampuni ya Uruwira ulitoa risasi, shaba, fedha na dhahabu katika miaka ya 1950, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili yake. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mishipa ina mwisho wake. Reli ya kwenda kwenye tabaka la Zambia, yaani TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa miaka ya 1970 na bado kuna shaba ya kubeba.

Tuje kwenye mashapo machanga. Singida imepakana na Bonde la Ufa, na imejaa mabwawa ya msimu na mbuga za udongo mweusi. Kusini mashariki, kuelekea Bahi, maji ya Manyoni huishia kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Kaskazini magharibi kuna tambarare ya Wembere, inayoungana na Kitangiri na Eyasi. Chumvi ipo, nyufa za ardhi zipo, udongo mweusi wenye mabaki ya mimea upo. Kwa harakaharaka masharti karibu yote yanaonekana kutimia.

Manyoni inatuonyesha kinachotokea kweli. Kampuni ya Uranex ya Australia ilipochunguza mabonde hayo haikuwa inafuata shaba, ilifuata urani, na urani ilikuwepo, mita chache tu chini ya uso wa ardhi. Utaratibu wake ni ndugu wa ule wa shaba: maji yenye oksijeni yanaosha itale, yanabeba metali, yanafika bondeni, yanakauka au kukutana na kitu cha kuyabadilisha, na metali inabaki. Mfumo unafanya kazi. Tatizo ni kile kinachooshwa. Itale ya kawaida ina gramu 10 hadi 20 tu za shaba kwa tani, lakini ina urani nyingi kuliko basalti kwa mara kadhaa. Basalti ina shaba mara tano au zaidi ya itale, na basalti ya Singida ni ukanda mwembamba katika bahari ya itale. Bonde linatoa kile lilicholishwa. Zaidi ya hayo mashapo ya Manyoni ni membamba, hayana kina wala joto la kuyasukuma maji kwa muda mrefu.

Wembere ni habari nyingine kidogo, na hapa sitaki kuufunga mlango kwa haraka. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta na gesi katika bonde la Eyasi na Wembere, na limechoronga visima vifupi vya kusoma matabaka. Bonde hilo lina kina kuliko Manyoni. Uchanga wake peke yake si hukumu: Boléo, katika rasi ya Baja California nchini Mexico, ni hifadhi ya shaba na kobalti ndani ya mashapo yenye umri wa miaka milioni 7 hivi tu, yaliyotuama Ghuba ya California ilipokuwa inapasuka, na Wafaransa waliichimba tangu 1885. Kaskazini mwa ghuba hiyohiyo, kwenye Salton Sea ya Marekani, wachorongaji wa maji moto miaka ya 1960 walikuta maji ya chumvi yaliyoacha magamba yenye shaba na fedha ndani ya mabomba yao. Ufa mchanga, chumvi na joto vinaweza kubeba shaba wakati huu tunaoishi. Lakini Boléo imezungukwa na lava zilizojaa shaba, na bahari iliingia bondeni. Wembere imezungukwa na itale. Ukanda wa Sekenke uko ukingoni mwake, na hicho ndicho chanzo pekee ninachoweza kukitetea, nacho ni chembamba.

Ukitaka kujua bonde lenye masharti yote linafananaje ndani ya Tanzania, safiri na reli ya kati kupita Manyoni, Itigi na Tabora, ushuke Uvinza. Huko Kigoma kuna miamba mashapo ya mfumo uitwao Bukoba, ambayo ilituama pembezoni mwa kratoni muda mrefu baada ya oksijeni kujaa hewani. Kuna lava za Gagwe, basalti zenye matundu, za umri wa karibu miaka milioni 800. Kuna mashapo mekundu ya Manyovu. Kuna chokaa ya Ilagala. Na kuna chemchemi za chumvi za Uvinza, ambako watu wamepika chumvi kwa karne nyingi, Wajerumani wakaja kuzifanya kiwanda. Chanzo, wekundu, chumvi na tabaka la kunasa, vyote katika mkoa mmoja, upande uleule wa bara ilipo Katanga. Haithibitishi kwamba kuna mgodi, lakini ni hoja yenye miguu, na kama ningeulizwa fedha za umma za kutafuta shaba ya tabaka ziende wapi kwanza, nisingesita. Mashapo ya Karuu ya kusini pia yanastahili mtu wa kuyafikiria: urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, imenaswa ndani ya mawe ya mchanga pale wekundu unapokutana na ukijivu, ishara kwamba mpaka ule tunaoutafuta upo huko.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi yangu ni Kamoa. Hifadhi hiyo ya kampuni ya Ivanhoe karibu na Kolwezi, pamoja na Kakula iliyogunduliwa 2016, imelala chini ya mchanga bila kilima cha kijani juu yake, mahali ambapo kwa karne nzima wataalamu waliamini shaba haiwezi kuwa. Leo ni miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani, na ilianza kuzalisha mwaka 2021. Kwa nini Singida isiwe Kamoa nyingine? Kwa sababu waliokosea kuhusu Kamoa walikosea kuhusu tabaka gani linanasa. Bonde lilikuwepo, chumvi ilikuwepo, wekundu ulikuwepo. Watafiti walichukua sampuli za udongo, wakasoma usumaku kwa ndege, wakachoronga, wakiongozwa na wazo lilelile la maji ya mashapo mekundu na mwamba mweusi. Kamoa inatufundisha kulichunguza bonde lote, hata kingo zake zilizodharauliwa. Haitufundishi kutafuta mashapo mahali yasipo.

Gharama ya kuchanganya mambo haya humwangukia mdogo. Leseni ya uchimbaji mdogo ya metali haizidi hekta 10. Kwa mshipa wa dhahabu eneo hilo linaweza kumlisha mtu. Kwa tabaka la shaba lililoinama kidogo na kuzama mita mia kadhaa, hekta 10 ni nukta tu, na duara la kuchimbwa kwa mkono haliwezi kulifikia. Kwa hiyo mwenye leseni ndogo Singida anayeambiwa na dalali kwamba amekalia Katanga, na kwamba auze ng'ombe ili achimbe zaidi, anadanganywa hata kama jiwe alilonalo ni shaba halali. Kulijua jiwe si kazi: litwangwe, liloweshwe katika asidi ya betri iliyopunguzwa makali, kwa uangalifu, kisha msumari safi wa chuma utumbukizwe. Ukitoka na ngozi nyekundu, shaba ipo. Kiasi gani, na kwa umbali gani, msumari hausemi. Hilo ni la maabara na la mtu wa kuchora ramani.

Na ramani ndiyo kasoro yetu kubwa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao yake Dodoma, ilianzishwa 1925 na ina ripoti za karibu miaka mia moja. Utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege ulikuwa umefika asilimia 16 tu ya nchi serikali ilipolenga asilimia 50 ifikapo 2030. Lengo ni zuri. Ila mchimbaji wa Mkalama hahitaji rangi za usumaku peke yake. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: hapa una mshipa, fuata ufa. Hapa una itale, usitupe fedha. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limenunua mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na mita 50 zilizochorongwa mahali sahihi huokoa mwaka mzima wa maduara. Mahali sahihi panajulikana kwa kuuliza kwanza ni shaba ya aina gani.

Kwa Wembere, hatua ya kwanza ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Sampuli za visima vya TPDC tayari zimetolewa ardhini, na kuzipima shaba, kobalti, fedha na chumvi, mita kwa mita, ni kazi ya maabara wala si ya mitambo mipya. Kinachotakiwa kuangaliwa ni pale rangi inapobadilika kutoka wekundu kwenda ukijivu. Shaba ikifika gramu mia kadhaa kwa tani katika mpaka huo, na kushuka tena juu na chini yake, basi maji yenye shaba yalipita Wembere, na ukingo wa upande wa Sekenke unastahili visima vyake. Ikibaki gramu 20 kutoka juu hadi chini, kipimo cha kawaida cha itale iliyosagika, fedha za shaba ya tabaka zipelekwe Kigoma, na Singida iachiwe dhahabu yake.